Vichupa vya Oulu

Tauno Kärppä, mwokaji mikate mstaafu,
amelala ubavu, magoti kifuani,
na mrija mwembamba kama uzi
umepenya baina ya pingili mbili za kiuno.
"Usitikisike." Hakutikisika.
Miaka thelathini na minne ya unga imemfunza
kungoja kitu kiumuke bila kukigusa.

Kila saa nesi Eerika hukinga kijiko kimoja
katika kichupa chenye namba pasipo jina.
Maji ya ubongo: meupe, maangavu, hayana harufu.
"Hayo tu?" Tauno aliuliza.
"Hayo tu."

Usiku wa kwanza aliachwa alale.
Leo haruhusiwi. Taa kali, karata, kahawa marufuku,
na Eerika akimgusa bega kila kope zikishuka.
"Bwana Kärppä, upo?"
"Nipo. Saa nane ndiyo saa yangu ya kukanda."

Nje barafu imeukamata mto;
chini yake maji yanakwenda, hayaonekani.
Kichwani nako ni vivyo hivyo, asema Eerika:
mchana seli huongea, na aongeaye sana hutema mate,
protini zinatazo, chumvi isiyotulia.
Ukilala, soko hufungwa,
maji hupita vichochoroni na ufagio.
Usipolala, taka hulala badala yako.
"Ndivyo tunavyodhani," anaongeza. "Wako wanaobisha."

Tauno anapiga hesabu kimyakimya.
Saa nane za usiku elfu kumi na ushei.
Mji ulikoroma, ukaamka, ukala mkate wake kwa siagi.
Na Helvi, ambaye hakuna aliyemlazimisha,
aliamka naye kila mara, akapaka trei mafuta,
akaimba ovyo ili wasisinzie.
Mwaka huu Helvi humwita Halli,
jina la mbwa waliyemzika zamani.

Hilo hakuliandika kwenye fomu.
Fomu iliuliza uzito, umri, na kama huvuta sigara.

Husemwa usingizi ni ndugu wa mauti.
Kukesha je, ni ndugu wa nani?

Alfajiri mrija unatolewa. Pamba, plasta.
Vichupa ishirini na vinne vimepangwa barafuni,
vya kulala huku, vya kukesha kule,
na kwa macho havina tofauti.

Nyumbani anashusha pazia mchana kweupe,
anajinyoosha kando ya mkewe, viatu miguuni.
"Lala, Halli," asema Helvi,
akimkuna nyuma ya sikio.
Akalala.