Uzi wa Mafundo

Wanaume wa nyumba hii hawapimiki.
Ukiwafuata na futi wanacheka, wanakumbuka
mbuzi hajafungwa, wanatoka. Basi nawaibia vipimo.
Mama alinifundisha, hapa hapa Oli, kabla sijang'oa jino la kwanza,
kwamba uzi mmoja na mafundo matatu vinatosha,
shingo, kifua, mkono,
na mwanamume aliyelala hana ubishi.

Idd imebaki siku kumi na moja. Umeme wa Arua
unakuja kama shemeji anayedaiwa: usiku, na hakai.
Cherehani yangu ni ya kukanyaga, haimngojei mtu.

Baba mkwe, Mzee Bakhit, namshonea aproni ya turubai,
maana kwa miaka thelathini buchani
damu ya ng'ombe imemlia mashati yote kifuani.
Mishono miwili miwili, na pembeni kimfuko
cha zile pipi za tangawizi anazoapa kuwa hali.

Khemis, mume wangu, nimeivisha pikipiki yake badala yake:
kifuniko cha siti, kitenge kilichovuka mpaka kutoka Ariwara,
kuku wekundu juu ya buluu, vishada vikining'inia.
Yeye ukimpa shati jipya analiweka kwa ajili ya misiba.
Lakini pikipiki iliyovaa ataizungusha mji mzima,
Ediofe na kurudi, bila abiria,
stendi nzima ijue kwamba ana mke.

Drani ana miaka tisa. Anataka kanzu yenye zipu.
Nikamwambia kanzu haina zipu.
Akauliza, nani kasema?
Nimelitafuta jibu siku mbili, halafu
nikaenda sokoni kununua zipu.

Halafu kuna Ajobe.

Mdogo wangu Ajobe hajalala kwangu, mwaka wa sita huu.
Tuligombana juu ya kiwanja cha mama,
hatua kumi na nne kwa tisa, muhogo na choo kilichobomoka.
Tulisemeshana maneno ambayo sindano haipiti.
Akaenda Juba. Nami nikabaki hapa,
fundi mwenye fundo, na fundo lenyewe halina fundi.

Lakini mabega yake nayajua. Tulikuwa na shati moja la shule
sisi wawili: yeye asubuhi, mimi mchana,
tukibadilishana nyuma ya kinu cha mihogo,
kola bado ina jasho lake, na chaki, na harufu ya karanga
alizokula bila kunibakizia.
Basi nimejipima mwenyewe mbele ya kioo cha kabati,
mlango nimeufunga, nikiona haya sijui kwa nani.
Shati la rangi ya majivu. Vifungo sita.
Ndani ya mishono nimeacha akiba, vidole viwili kila upande,
kwani sijui miaka sita imemfanya nini.

Nikampa dereva wa lori la vitunguu, wiki jana.
Barua sikuandika.
Ningeandika nini? Kiwanja bado kipo.

Leo lori limerudi. Na shati limerudi,
limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.
Nilikaa chini kwanza, juu ya debe la maji.
Halafu nikatia mkono mfukoni, mazoea ya fundi,
nikatoa uzi mweupe wa gunia la unga:
fundo, fundo, fundo.

Shingo ni ileile.
Kifua kimezidi vidole vitatu. Kumbe Juba kuna chakula.
Mkono nao ni wangu kabisa.

Na mwishoni, mbali na mengine,
kuna fundo la nne ambalo mama hakutufundisha.
Nimeligeuza. Nimelilowanisha kwa mate, nimelijaribu kwa meno.
Mkasi uko hapa, sijaugusa.

Khemis anauliza chakula kitaiva saa ngapi.
Nimeshafumua ubavu mmoja.
Akiba ipo.