Mikono Mifupi

Sindano zangu ni spoki mbili za Swala,
baiskeli ya marehemu baba.
Nilizinoa kwa jiwe nyuma ya jiko, hapa Ng'ambo,
mpaka zikaacha kukwaruza uzi.

Uzi wa kijani umetoka kwenye sweta la shule la Nyanzobe.
Kamaliza la saba. Tulilifumua jioni moja,
yeye anavuta, mimi nazungusha bonge,
na uzi ukatoka umejikunja kunja
kama nywele zilizokaa mwezi kwenye twende kilioni.
Nikaulowesha, nikaufungia jiwe, nikautundika.
Usiku kucha ulining'inia ukijifunza kunyooka.
Wa pili una rangi ya asali.
Huo nimenunua sokoni, mabonge matatu,
moja bado deni.

Safu nne kijani, safu nne asali.
Nikihesabu siongei.
Mtoto akiniita namjibu kwa namba:
thelathini na mbili, chumvi iko kwenye kopo,
thelathini na tatu.

Ni la Kapaya. Yuko Kaliua,
anageuza njia za treni: hii Mpanda, hii Kigoma.
Mikono mifupi, kwa sababu
chuma anachokivuta kina grisi,
na grisi haina adabu kwa uzi.
Hiyo ndiyo sababu niliyompa kila aliyeuliza.
Sababu nyingine ni lile bonge la deni.

Mama Mihayo kakalia ndoo yangu, kaipindua bila ruhusa.
"Unafuma, mwenzangu, unafuma.
Ungepanda treni ukamfumanie."
Nikacheka mpaka kitanzi kimoja kikaanguka.
Nikamwambia: kuna kufuma, na kuna kufumua,
hayo mawili nayaweza hata koroboi ikizimika.
Hilo la tatu lina nauli.

Usiku nikakitafuta kile kitanzi.
Kilikuwa kimeshuka safu kumi na moja,
kimeacha ngazi nyembamba katikati ya milia.
Nilikipandisha kwa pini ya nywele,
kipago kwa kipago, nimebana pumzi.
Kimepona.
Ukijua kilipoangukia, utakiona.

Na vipimo? Mwenyewe hajaonekana tangu Pasaka.
Nililitandaza kifuani pangu,
nikaongeza vidole viwili kila upande:
hapa ataingia, hapa atapumua.
Wiki ya pili nikaongeza kimoja.
Wiki ya tatu sikumbuki.

Alishuka alfajiri ya Jumamosi,
behewa la tatu, kiroba cha mchele begani,
ndani ya sweta jipya, jeusi, la mashine,
mikono mirefu mpaka kwenye vifundo vya vidole,
halina hata mlia mmoja.
"Kule baridi," akasema.
"Najua," nikasema.
Sikuuliza bei. Sikuuliza aliyechagua rangi.
Mchele tuliupika. Ulikuwa mzuri,
haukuwa na mawe.

Langu lilikuwa chini ya mto, limekunjwa mara mbili.
Alilala juu yake siku mbili
akalalamika mto umekuwa mgumu.

Jumanne, treni imeshakwenda,
nikalitoa, nikalipitisha kichwani.
Mabega yakakaa mahali pake.
Kiuno kikakaa.
Milia ikanizunguka bila kugombana,
kijani, asali, kijani,
na kile kitanzi kilichowahi kuanguka
kikatua chini kidogo ya titi la kushoto.

Mama Mihayo akachungulia juu ya ua.
"Kumbe ulikuwa unajifumia!"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu
siku za kulilipa lile bonge.

Mikono yangu iko nje, baridi ya Juni inaijua,
ina unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko.
Nyanzobe ananiita.
Namjibu kwa jina lake.