Ya Mwisho Kuwaka

Mabomba ya plastiki, ya kupitishia maji,
thelathini na mawili, meupe kama mifupa ya supu.
Lindqvist wa duka la vifaa akaniuliza,
"Choo kimeharibika?"
"Hapana. Krismasi."
Hapa Brainerd, mtu akitaja Krismasi mwezi wa tisa
huachwa apite.

Tundu ni milimita kumi na mbili.
Likibana, utapasua taa kwa dole gumba;
likilegea, upepo wa Januari utaitema.
Keekee inalia, unga mweupe unanyesha
juu ya viatu vya Signe, binti yangu,
umri miaka kumi na mmoja, cheo bosi wa gereji.
"Baba, umepinda."
Nimepinda kweli. Fimbo ya tatu
matundu yake yanapanda na kushuka
kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Hiyo tutaificha nyuma ya msonobari.

Nondo tulizipigilia mapema, Oktoba,
kwa sababu ardhi ya huku ikishaganda
haisikii nyundo, inakurudishia mlio tu.
Sasa zimesimama uani, uchi, mistari miwili,
zinangoja kuvishwa fimbo kama soksi.

Taa ishirini na tano kila fimbo,
kila moja punje ya hindi yenye mikia mitatu ya waya.
Tunazisukuma toka ndani, pap, pap,
mpaka Signe anasimama, anauliza:
"Taa inajuaje rangi yake?"

Haijui, mwanangu. Haina hata jina.
Maneno yote hutumwa kwa mkupuo, msafara mrefu;
taa ya kwanza huchukua neno la kwanza, nyekundu, tuseme,
na yaliyobaki humpa jirani.
Jirani naye huchukua lake.
Sheria ni hiyo tu: chukua lako, pitisha.
"Kama bakuli la viazi mezani kwa bibi."
Ndiyo. Kama viazi.

Tukawasha kujaribu.
Kumi na nne zikawaka, buluu safi,
kisha giza mpaka ncha ya fimbo.
Signe akashika koleo, akailenga ya kumi na tano.
"Hii ndiyo imekufa."
Ngoja, nikasema. Watu wengi hukosea hapo.
Anza na ya mwisho kuwaka.
Huenda imepokea lake vizuri,
inang'aa, inapendeza,
na nyuma yake haikupitisha kitu.

Nikasikia nilichosema.

Februari, miaka mitatu nyuma,
Mama alinipigia toka hospitalini:
wamempa wiki mbili. "Mwambie Delmar."
Mimi na Delmar tulikuwa na trekta kati yetu,
trekta la Baba, aliloliuza bila kuniuliza.
Nikasema moyoni, kesho.
Kesho nayo ikasema kesho.
Mama hakumaliza wiki mbili. Alimaliza siku tano.
Ndugu yangu aliambiwa na mchimba kaburi,
aliyekuja kumuuliza kama theluji ifagiliwe mpaka getini.
Kanisani alikaa benchi la nyuma
na koti hakulivua.
Tangu hapo, nikiulizwa habari zake, hujibu:
"Delmar? Huyo kazimika."

Signe alikata ya kumi na nne, akaunga mpya,
lehemu ikafuka, akapuliza kama anapoza uji.
Buluu ikatembea mpaka ncha.
Akapiga kelele. Mimi nilikuwa mlangoni,
simu mkononi, gundi vidoleni,
nikibonyeza namba ya Bemidji ambayo kumbe naijua kwa kichwa.

Ikaita mara nyingi.
Nyuma ya "haloo" yake kulikuwa na mbwa
na watu wa mpira wakishangilia kwenye televisheni.
"Delmar," nikasema, "nina neno lako.
Nimelikalia tangu Februari ile."

Kimya.

Kisha nikasikia televisheni ikizimwa.