Moto Kwanza

Huku Kajulu, jiwe kubwa halipigwi likiwa baridi.
Hukusanywa kuni, matairi machakavu,
moto ukakeshwa chini yake,
na alfajiri, likianza kulia tik, tik,
ndipo nyundo huinuliwa.
Miaka kumi na saba nimeponda kokoto.
Nilidhani nayajua mawe yote.

Hili la tumboni sikulijua.
Lilinijaza kama mimba isiyo na miezi;
majirani wakauliza kwa macho,
mama mkwe akauliza kwa mdomo.
Picha ya Kisumu ikasema: sentimita kumi na tisa,
limekalia tumbo, limetupa vijiwe kwenye ini.
"Likate," nikamwambia Daktari Mideva. "Leo."
"Nikilikata leo," akasema, "nitakukata na wewe."
Akanipa kidonge rangi ya udongo wa kichuguu.

Kimoja kwa siku, ukishakula, na maji tele.
Hakikuning'oa nywele.
Kinajua mlango mmoja tu:
kuna swichi imekwama ikiwaka, chenyewe kinaizima.
Lakini macho yalinivimba kama niliyelia matanga mawili,
mishipa ya miguu ikakaza usiku,
Odindo akinikanda hadi jogoo la kwanza
bila neno juu ya mbuzi aliowauza.

Kumi na tisa. Kumi na nne. Tisa.
Mwezi wa nane: tisa tena.
Mimi nikafurahi, daktari hakufurahi.
"Limeacha kupungua. Tukingoja, litakizoea."
Nikamwelewa kabla hajamaliza.
Jiwe ukilichoma ukaenda kulala,
asubuhi kuni zimekwisha, nalo lipo.

Wakanipasua Alhamisi.
Nilipozinduka niliutafuta uzito wangu kwa mkono,
nikakuta bandeji.
Lilikuwa limetoka lote, na kipande cha tumbo;
kwenye ini zilibaki changarawe mbili
ambazo kisu hakikuthubutu.

Kwa hiyo kidonge kinaendelea.
"Hadi lini?" Odindo akauliza.
Daktari akafunika kalamu yake, akaifunua.
"Maadamu kinafanya kazi."

Nimerudi Kajulu. Siinui nyundo,
nahesabu madebe ya wenzangu
na mchana, baada ya ugali na mboga,
nameza moto wangu mdogo kwa gilasi mbili.

Jana kijana wa Aloo aliwasha chini ya jiwe jipya,
likapata joto kidogo tu, akashika nyundo.
Nikamwita kwa sauti ambayo bado inavuta mshono:
Wewe! Ngoja kwanza lilie.