Kaptula Mia

Daktari Achola amenigeuzia kioo cha kompyuta nijionee.
Umri, sitini na tatu. Uzani, umeshuka.
Sigara? Hapana. Ila marehemu alivuta,
nami nililala ubavuni pake miaka ishirini na sita;
hilo halina kisanduku chake.
Protini ya damu iko chini.
Naweza kupanda orofa mbili bila kupumzika?
Nacheka. Mwanangu, naishi Huruma, orofa ya tano,
na maji hayapandi yenyewe.

Anabonyeza.
Kumi na mbili kwa mia.

Watakata shibiri moja ya utumbo mpana, pale saratani ilipokaa,
waunganishe ncha mbili zilizobaki;
na katika wagonjwa mia walio kama mimi,
kumi na wawili mshono huvuja.

Basi hapo tumefika kwenye kazi yangu.
Nimeshona sare Kariokor tangu cherehani ya mguu.
Kila Januari natoa kaptula mia,
uzi mmoja, mkono mmoja,
na kabla ya Pasaka kumi hivi zimerudi, zimepasuka makalioni.
Najua ni kumi. Zipi, sijawahi kujua.
Mwaka jana niliapa itakuwa ya mtoto wa Nzilani, yule mruka ua.
Ikarudi ya Otiato, mpole, wa kukaa tu na kitabu.

Namuuliza: uzi gani?
Unapitisha mara mbili?
Kitambaa kikiwa kimelowa, hukivuti?
Daktari anaweka kalamu chini.
Ananichorea nyuma ya fomu: duara,
vibanio vidogo vya chuma, safu mbili.
Kuvuta, anasema, ndiko kunakoharibu.

Ananipa wiki tatu. Mayai, omena, ndengu,
kutembea asubuhi hata kukiwa na baridi hii ya Julai.
Labda itashuka ifike tisa.
Labda.

Kwenye benchi nje Mwikali anasimama:
Amesemaje?
Amesema nile mayai.

Jioni sifungi kibanda mapema.
Kaptula za muhula ujao zinaning'inia kwenye waya.
Naishika ya kwanza, naibana mshono kwa vidole gumba, navuta.
Inashika.
Ya pili.
Jirani ananiuliza natafuta nini.
Naifikia ya kumi na mbili, navuta,
inashika,
naiendea ya kumi na tatu.