Ngeli ya Mwani

Barua imerudi, mzigo haukurudi.
Magunia arobaini na mawili yamelala bandari ya watu
siku ya sitini na moja leo, yanakula kodi ya ghala,
nasi hapa Tumbe tunakula ahadi.

Kosa letu, wanasema, ni neno.
Kwenye fomu iliyogongwa muhuri Wete
mwani ni zao la kilimo:
tumeupanda, tumeufunga taitai,
tumeuvuna maji yakipwa.
Kwenye daftari lao mwani ni mazao ya bahari,
ndugu yake pweza, ndugu yake kamba
(si kamba tuliyoufungia, kamba wa kula),
na mazao ya bahari yana cheti chake,
na cheti kina ofisi yake,
na ofisi hiyo, upande huu wa maji,
bado haijafunguliwa.

Mimi Asaa Kombo, katibu wa ushirika,
kidato cha nne, miwani ya kuazima,
nimeusoma mkataba kwa kidole, kurasa mia mbili na kumi.
Kifungu cha tisa kinatoa.
Kifungu cha tisa, herufi be, kinapokonya
kwa adabu zake zote:
"isipokuwa pale itakapoonekana inafaa."
Itakapoonekana na nani?
Kitenzi kimeachwa peke yake
kama kiatu cha mguu mmoja mlangoni mwa msikiti,
watu wameshatawanyika.

Bi Mize Shaame anafumua fundo, ananisikiliza.
"Kwani hao hawana ngeli?" anauliza.
Samaki amekauka. Mwani umekauka.
Mtoto wa chekechea hachanganyi,
na akichanganya atachekwa hadi aingie ndani.
Huko wakichanganya, tunalipa sisi.

Nikamwambia kuna baraza la kusuluhisha,
mbali, lina majaji watatu,
lakini mlalamikaji sharti awe nchi.
Akatazama shamba lake, vigingi na matope,
kisha akanitazama mimi.
"Basi mimi ni nini?"
Nikafungua ukurasa wa fasili za maneno.
Alikuwamo msafirishaji. Alikuwamo mnunuzi. Ilikuwamo nchi.
Nikaufunga.

Ikabaki fomu ya rufaa, ya njano, nakala tatu.
Kwa asiyetia saini, dole gumba.
Bi Mize akapangusa mkono kwenye kanga,
akakandamiza wino, akakandamiza karatasi.
Doa. Akarudia. Doa.
Miaka ishirini na mbili ya chumvi
imelisugua dole likawa laini kama kaure.

Wiki iliyofuata fomu ikarudi.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu, hati nzuri iliyonyooka:
Alama haisomeki.
Mwombaji ajieleze upya, kwa uwazi.