Mstari wa Mhusika

Fomu ina lugha mbili, na zote si zangu.
Afisa ananionyesha kwa kidole:
hapa jina, hapa namba ya kitambulisho,
na hapa, penye neno *mhusika*,
mstari mmoja, urefu wa kiganja.

Namuuliza, na kama wahusika ni wengi?
Ananisogezea kalamu.

Basi nianze na mimi. Mwakio, mlinzi wa usiku,
jengo la ghorofa kumi na tisa, Al Nahda, Sharja.
Funguo ishirini na nne kiunoni,
mmoja wao wa kufuli la mlango wa ngazi,
ghorofa ya kumi na moja.
Kufuli sikulinunua. Nililifunga tu.
Vijana walikuwa wakivuta sigara pale,
bwana Shaji wa ofisini akasema funga,
naye aliambiwa na kampuni,
na kampuni ilikuwa na barua
ya mwenye jengo, ambaye mimi
namjua kwa namba ya gari lake.

Kengele nayo. Kila Ijumaa mtu wa ghorofa ya nne
anaunguza vitunguu, na jengo zima linashuka
na watoto, na paka vizimbani, na matusi ya lugha saba,
mpaka nikafundishwa swichi ya kuinyamazisha.
Kuiwasha tena hakuna aliyenifundisha.
Nami sikuuliza.
Kwenye daftari la zamu niliandika: *hali shwari*.

Bi Zuweina wa 1104 aliuliza.
Mmanga mzaliwa wa Wete, Kiswahili chake
kimekolea chumvi kuliko changu cha Taita:
"Mwanangu, mlango huu ukifungwa, sisi twatokea wapi?"
Nikamwambia, ofisi inajua.
"Ofisi haiishi ghorofa ya kumi na moja," akasema,
akaingia kwenye lifti na tende zake.
Siku nyingine mafundi walikuwa
wakilivisha jengo vibati vinavyong'aa.
Aligonga kimoja kwa ufunguo, akasikiliza.
"Ndani plastiki hii. Kikulacho ki nguoni mwako."
Nilicheka. Nilidhani anatania.

Moto haukuhitaji ngazi.
Ulishika vazi la jengo kwenye roshani ya tano
ukapanda kwa nje, bila kuulizwa kitambulisho.
Mimi nikapanda kwa ndani.
Ghorofa ya sita nilikuwa na macho,
ya tisa nilikuwa na mikono tu,
ya kumi na moja funguo ishirini na nne na giza.

Wa kwanza siyo. Wa pili siyo.
Upande wa pili mtu anagonga,
si kwa fujo, kwa adabu,
kama mgeni anayebisha hodi.
Wa tisa siyo.
Wa kumi na tatu ulipoingia
hodi ilikuwa imekwisha.

Alikuwa amekaa, mgongo ukutani,
kanga mdomoni,
mkono bado umekunjwa ngumi.

Sasa aliyeuza vibati anasema vina cheti.
Aliyetoa cheti anasema alionyeshwa kibati kingine.
Mkaguzi alikagua; alikagua kahawa ya ofisini,
nilimpelekea mwenyewe, vikombe viwili, sukari tatu.
Bwana Shaji amehamishiwa Ajman.
Mwenye jengo yuko safarini, anatibiwa.
Nimejifunza jambo, afande:
moto hupanda, lawama hushuka,
ghorofa kwa ghorofa, haikutani na kufuli hata moja,
mpaka chini, kwenye kiti changu.

Sikatai kukaa. Kiti ni changu.
Ufunguo wa kumi na tatu ni wangu,
nimeufunga uzi mwekundu sasa,
sasa, wakati haufungui kitu.

Lakini nimeandika *Mwakio* kwa herufi ndogo,
tazama, ili nafasi ibaki.
Imebaki, ila haiwatoshi.
Nipe karatasi nyingine.
Kalamu yako ikiisha wino usijali,
ninayo yangu mfukoni, ile
iliyoandika *hali shwari*
usiku mia nne na kumi.